Mnazi Mmoja: Uwanja Uliokusudiwa Kututenga

Mtu aondokaye penye Mnara wa Saa jijini Dar es Salaam, akaishika Barabara ya Uhuru kwa miguu kuelekea Kariakoo, hupita kwanza baina ya maduka na nyumba za ghorofa zilizobanana kiasi cha kuificha mbingu. Afikapo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, mara mji hufunguka. Mbele yake pana uwanja. Upepo hupata nafasi, na macho hupata mahali pa kupumzika. Akiuvuka uwanja huo hata Mtaa wa Lumumba, amekwisha ingia mji mwingine, wenye mitaa iliyopangwa kama mistari ya daftari, na makelele ya soko. Uwanja huo ndio Mnazi Mmoja. Maelfu ya watu huupita kila siku, na yumkini wengi wao hawakupata kujiuliza ni kwa nini mji uliosongamana hivi uliacha pengo kubwa namna hii katikati yake. Jina lake halihitaji mfasiri. Asili ya pengo lenyewe ndiyo itakayo maelezo.

Sisi tuliosoma historia shuleni tulifundishwa minara, ngome na makaburi. Tulijua nani alijenga nini, na mwaka gani. Kiwanja kitupu hakikuwamo katika masomo yetu, kwani ilidhaniwa kwamba mahali pasipojengwa hapana historia. Dhana hiyo ni potofu. Kiwanja nacho ni kazi ya mkono wa binadamu: kuna aliyekiamua, kuna aliyeondolewa ili kipatikane, na kuna aliyekilinda au aliyekiuza. Tukimtaka kijana wa sekondari aufahamu utamaduni wa mji wake, yafaa tumwonyeshe hata mahali ambapo wajenzi walikatazwa kuweka tofali.

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Baada ya Majid kufariki mwaka 1870 mji ulisinzia, hata Wajerumani walipohamishia hapo makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Tangu hapo mji ulianza kugawanywa. Hapo kwanza mgawanyo ulivaa nguo ya sheria za ujenzi: sehemu hii lazima nyumba ziwe za namna ya Kizungu, sehemu ile ziwe za mawe, na kule mbali mtu ajenge apendavyo kwa miti na udongo. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja ukuta wake; lakini kila mmoja alifahamu ni nani mwenye uwezo wa ukuta upi. Watu wenyewe, ambao lugha yao haipendi kuzungukazunguka, wakayaita mambo kwa majina yake: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini.

Katika miaka ya mwisho kabla ya Vita Kuu ya 1914, serikali ya Kijerumani ilijipatia ardhi ya shamba upande wa magharibi, ikapanga humo mji mpya wa Waafrika wenye mitaa iliyonyooka, na kuazimia kuacha ardhi tupu baina yake na sehemu za mbele. Hawakuwahi kuikamilisha kazi hiyo. Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, wakawaweka wapagazi wao wa vita katika eneo hilo jipya. Kikosi hicho cha wapagazi kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ndimi za Waswahili zikakitengeneza kikawa Kariakoo. Basi soko letu kubwa kuliko yote limebeba hadi leo jina la watu waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao.

Mshindi wa vita alimfukuza aliyeshindwa, lakini ramani yake aliihifadhi. Katika miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza uliendeleza mgawanyo wa mji katika kanda tatu, na ule ukanda mtupu ukasafishwa kidogo kidogo. Wenyeji waliokuwa na nyumba zao humo walihamishwa, wengi wao wakaelekezwa Kariakoo. Hivi ndivyo uwanja ulivyopatikana. Yafaa neno hili lisipitwe haraka: chini ya majani ya Mnazi Mmoja palikuwa na viambo vya watu, na visima vyao, na vyombo vyao vya kupikia.

Sababu iliyotolewa hadharani ilikuwa ni afya. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, alithibitisha kwamba mbu ndiye abebaye vijidudu vya malaria. Ugunduzi huu mkubwa, uliopasa kuwa faraja kwa wanadamu wote, uligeuzwa na watawala kuwa hoja ya ubaguzi. Walisema kwamba damu ya mtoto wa Kiafrika ni ghala ya malaria. Kwamba mbu haruki mbali usiku. Basi Mzungu akilala mbali na Mwafrika, atasalimika. Freetown, katika Sierra Leone, walijengewa mtaa wao juu ya kilima mwaka 1904. Nigeria, gavana Lugard aliagiza kwamba baina ya makazi ya Wazungu na ya wenyeji pawe na ukanda usiojengwa wenye upana wa yadi 440. Mwaka 1913 mtaalamu wa afya W. J. Simpson alizunguka Kenya, Uganda na Unguja, naye akashauri miji itengwe kwa mataifa, na kuachwe ardhi ya wazi katikati. Wakati huo huo mpishi, yaya na dobi walikuwa wakiuvuka uwanja kila alfajiri kwenda kufanya kazi ndani ya vyumba vya kulala vya wale wale waliokuwa wakikingwa. Mbu angekuwa na akili angecheka.

Hapana budi kuitaja Unguja hapa, kwani nayo ina Mnazi Mmoja wake, na uhusiano wa viwanja hivi viwili si wa jina tu. Mji Mkongwe ulitengwa na bara ya kisiwa kwa mkono wa bahari, na watu wa upande wa pili wakaitwa watu wa Ng'ambo, jina linaloeleza jiografia na kuficha mengi. Mkono huo wa bahari ulifukiwa kwa awamu, hata ukawa barabara na viwanja. Maji yalipoondoka, mpaka haukuondoka nayo. Mwaka 1923 mbunifu wa miji H. V. Lanchester alitoa kitabu cha mpango wa mji wa Zanzibar, na eneo la Mnazi Mmoja likaendelea kuwa la wazi, likizungukwa na majengo kama ile Beit al-Amani iliyobuniwa na J. H. Sinclair na kukamilika mwaka 1925. Yule aliyekwenda hospitali au mpirani alikanyaga udongo uliokuwa bahari ya babu zake.

Turejee Dar es Salaam, ambako mambo yalichukua njia ambayo wapangaji hawakuitazamia. Mtawala aliacha uwanja ili watu wasikutane, akasahau kwamba watu wakiona uwanja hukutana. Vijana wa mitaani waliuchezea mpira. Wachuuzi walipumzika vivulini. Na zaidi ya hayo, uso wa Kariakoo uliokabili uwanja huo ulikuwa Mtaa Mpya, huu uitwao leo Lumumba, na hapo ndipo African Association, iliyoanzishwa mwaka 1929, ilipojenga ofisi yake. Katika nyumba hiyo TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Tazama basi jinsi mambo yalivyopinduka: ardhi iliyosafishwa ili kumweka Mwafrika mbali ikawa ua wa mbele wa nyumba ya chama chake. Katika miaka iliyofuata mikutano ya hadhara ya TANU ilijaza Mnazi Mmoja na Jangwani. Mtu aliyesimama kusikiliza hotuba ya Mwalimu Nyerere au ya Bibi Titi Mohamed alikuwa amesimama juu ya mpaka wenyewe, naye kwa kusimama pale pamoja na wenziwe elfu kadhaa alikuwa akiufuta kwa nyayo.

Serikali ya kikoloni nayo haikukosa kuona kwamba watu wanapapenda mahali hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 pembezoni mwa uwanja pakajengwa ukumbi wa jamii uliopewa jina la George Arnautoglu, tajiri wa mkonge aliyetoa fedha. Sisi twauita Anatoglo, na hivyo ndivyo utakavyoitwa maadamu Kiswahili kipo. Baada ya Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961 Mtaa wa Kichwele ukawa Barabara ya Uhuru, na uwanjani pakasimamishwa mnara mweupe wenye Mwenge kileleni. Kwa miaka mingi hapo ndipo taifa lilipowakumbuka mashujaa wake tarehe 25 Julai.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, tungeishia hapo. Lakini mji huishi baada ya sherehe, na mtihani wa kiwanja cha umma huanza pale mabango yanapoondolewa.

Mtoto wa shule na ajiulize: kiwanja hiki ni mali ya nani? Kisheria ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na halmashauri ya mji ndiyo ikabidhiwayo kuyatunza maeneo ya wazi. Jibu hili ni zuri katika karatasi. Katika maisha, mlinzi mwenyewe amekuwa akibadilika mara kwa mara. Mwaka 1972, kwa siasa ya Madaraka Mikoani, halmashauri za miji zilivunjwa. Zikarudishwa mwaka 1978 baada ya kuonekana kwamba mitaro imeziba na taka hazizolewi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ilivunjwa ikawekwa Tume. Mwaka 2000 zikaundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke. Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Hatusemi kwamba mabadiliko haya hayakuwa na sababu. Twasema tu kwamba kila ofisi inapohama kuna jalada linalopotea, na mara nyingi jalada la kiwanja kisicho na nyumba ndilo jepesi kupotea kuliko yote.

Mipango nayo haikukosekana. Dar es Salaam ilipata ramani kuu ya mwaka 1949, ya Waingereza, iliyotaka mabonde yaachwe kuwa njia za upepo. Kisha ya 1968 na ya 1979, zote mbili za wataalamu wa Kanada. Kila moja ilipakwa rangi ya kijani kwa ukarimu. Wakati huo watu walikuwa wakiongezeka kupita hesabu ya mchoraji: mwaka 1957 mji ulikuwa na watu 128,742, sensa ya 1988 ilihesabu 1,360,850, ya 2012, watu 4,364,541, na ya 2022, watu 5,383,728. Katika miaka ya 1980 na 1990 maeneo mengi ya wazi yaligawiwa, yakajengwa, yakasahauliwa. Bonde la Msimbazi, lililopakwa kijani katika ramani, lilijaa nyumba. Na mwezi Desemba 2011 maji yalikuja kudai njia yake, watu wakafa. Mwaka 1992 mpango wa kuliendeleza jiji kwa namna ya kudumu, uliosaidiwa na Umoja wa Mataifa, uliyaweka maeneo ya wazi miongoni mwa mambo yake tisa ya kushughulikiwa. Maana yake ni kwamba kufikia mwaka huo kiwanja kitupu kilikwisha kuwa tatizo la kuundiwa kamati.

Sisi wenyewe hatuwezi kujitoa katika lawama. Katika miaka ya utumishi wetu tulipata kukaa katika kikao cha mji mmoja wa pwani, kazi yetu ikiwa ni kuandika kumbukumbu. Ramani ilitandazwa mezani. Mahali palipokuwa na kiwanja cha kuchezea watoto, rangi ya kijani ilikuwa imepigwa mstari kwa kalamu, na pembeni pameandikwa matumizi mengine. Hakuna aliyegomba. Mmoja aliuliza kama kiwanja kina hati. Akajibiwa kwamba hakina, maana hakuna aliyepata kuomba hati ya mahali pa watoto kuchezea. Tukaandika: Imekubaliwa. Jioni tulikwenda nyumbani tukatunga beti kumi na mbili za kulaani ulafi wa ardhi, beti nzuri za vina kamili, wala hatukumwonyesha mtu aliyekuwa katika kikao kile. Tangu siku hiyo tumekuwa na shaka na ushairi unaokuja baada ya saini.

Kwa hiyo twauliza kwa vitendo: kiwanja cha mji kitunzweje, na wananchi wakifikieje? Wengi hujibu upesi kwamba kizungushiwe ua. Ua una faida yake. Huzuia magari yasiegeshwe juu ya majani, na huzuia jirani asisogeze ukuta wake hatua moja kila mwaka. Lakini ua wenye lango moja linalofungwa saa kumi na mbili jioni humnyima kiwanja yule mfanyakazi ambaye jioni ndiyo saa yake pekee. Na lango lenye kiingilio, hata kiwe kidogo, humchuja mtu kwa mfuko wake kama zamani alivyochujwa kwa ukuta wa nyumba yake. Kwetu sisi ua unaofaa ni ule wa nguzo fupi na miti, wenye mianya mingi, unaoweza kupitwa na mtu kwa miguu na kiti cha magurudumu, usioweza kupitwa na lori.

Jambo la pili ni njia. Mpangaji hodari hachori njia kabla ya kuwaangalia watu wanavyopita. Miguu ya wananchi huchora vijia vyake vyekundu katika majani, kutoka kituo cha basi hadi sokoni, kutoka shule hadi zahanati, na vijia hivyo havidanganyi. Ukivisakafia vile vile vilivyo, majani ya pande zote mbili yatapona, kwa sababu watu hawatatafuta njia nyingine. Ukiviziba kwa mabango ya kukataza, utapata bango lililoanguka na kijia kipya kando yake. Udongo unaokanyagwa mfululizo hugandamana, maji ya mvua hayaingii, mizizi hukosa hewa, na mti mkubwa hufa polepole kutoka juu, hata watu wakadhani umezeeka. Ndiyo sababu mkutano mkubwa ukishafanyika yapasa uwanja upumzishwe, au mikutano ihamishwe kwa zamu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Haya si mambo ya fedha nyingi. Yahitaji mtu mmoja mwenye kalenda, na mwenye mamlaka ya kusema hapana.

La tatu ni wachuuzi, na hapa ndipo wapangaji wengi hupoteza subira. Mama auzaye kahawa na kashata hakuuvamia uwanja. Yeye ni sehemu ya uwanja tangu ulipokuwapo. Mfano wa karibu ni bustani ya Forodhani, Unguja, iliyotengenezwa upya na shirika la Aga Khan la utamaduni na kufunguliwa mwaka 2009. Ukuta wa bahari uliimarishwa, taa na njia zikawekwa, watoto wakapewa pa kuchezea. Wauza vyakula walihamishwa wakati wa kazi, kisha wakarudishwa kwa utaratibu mpya. Wako wanaolalamika kwamba bei zimepanda na kwamba mgeni huhudumiwa kwanza, na malalamiko hayo yafaa yasikilizwe. Lakini uamuzi wa msingi ulikuwa sahihi: pweza, urojo na mishikaki vilihesabiwa kuwa mali ya mahali pale sawa na miti yake.

Wako watakaosema kwamba mji maskini hauwezi kuacha ardhi ya thamani ikae bure. Tunawakumbusha Nairobi. Mwaka 1989 serikali ya Kenya ilikusudia kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani iliyofunguliwa mwaka 1969. Profesa Wangari Maathai aliandika barua baada ya barua kupinga. Alidhihakiwa bungeni, ofisi ya chama chake cha kupanda miti ikaondolewa katika jengo la serikali, naye hakunyamaza. Wafadhili wa kigeni walirudi nyuma, jumba halikujengwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi mno hata mtoto aliielewa: asiye na bustani nyumbani kwake, bustani yake ni hii. Yeye hakuwa na saini ya kikao, alikuwa na barua tu, lakini zilipelekwa kwa wakati.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yataka mipango ya mji iwekwe wazi ili wananchi waione na kutoa pingamizi. Ni wachache waendao kuitazama. Tungependa walimu wa Jiografia, Historia na Uraia wawapeleke wanafunzi wao kuziona ramani hizo katika ofisi za halmashauri, wajue rangi ya kijani iko wapi, kisha waende mahali penyewe wakaone kama ingali hapo. Kwa shule za Dar es Salaam kazi ya kwanza iwe Mnazi Mmoja. Wasimame Barabara ya Bibi Titi, wavuke kwa hatua za kawaida hadi Mtaa wa Lumumba, wakihesabu. Kisha wageuze hatua kuwa yadi, wazilinganishe na zile 440 za Lugard. Wahesabu pia miti yenye kivuli, mianya ya kuingilia, na mahali ambapo mtu mzima aweza kuketi bila kununua kitu. Sisi tulikwisha kufanya hesabu hiyo asubuhi moja ya Jumamosi, tukaulizwa na askari mgambo kama tunatafuta kitu kilichopotea. Jumla tuliyoipata hatukuiandika hapa, ili kila darasa lipate yake.